Mama Mwenye Nyumba na Kopo la Kashata

Mama mwenye nyumba wangu wa Mnyuzi hakuwa akiionja sukari aliyoipika. Aliisikiliza. Akiona povu limetulia na mapovu makubwa yameanza kupasuka polepole, alichota tone kwa ncha ya mwiko, akalidondosha kwenye bakuli la maji baridi, akalisubiri ligande, halafu akalitoa kwa vidole viwili na kuliangusha kwenye sahani ya bati pembeni ya jiko. Tone bichi huanguka kimya. Tone lililoiva hulia, ti, kama punje ya hindi kavu ikianguka sakafuni. Kwa hiyo yeye hakusema sukari imeiva, alisema imelia. Na ikishalia huna nafasi, pumzi mbili tatu imeungua. Akitamka "Imelia!" kila aliyekuwa jikoni alijua kazi yake, mmoja karanga, mmoja sinia lililopakwa mafuta, mwingine chupa ya kusawazishia kashata kabla hazijakauka.

Sitasema alizaliwa lini wala ukoo wake ni upi. Mwenyewe hakupenda kuulizwa, na yale machache niliyokuja kuyajua juu ya ndugu zake niliyatumia vibaya. Nilikaa chumba cha uani kwake miaka saba. Mimi ni Mzigua wa Mazingara, kazi yangu mazao: nashusha karanga kutoka kwetu Handeni, napanda milimani Vugiri kuchukua kabichi, maharage na iliki. Watu wa stesheni waliniambia nimepata bahati, mama mjane asiye na mtoto, atanidekeza. Hawakuwa wanamjua.

Siku ya kwanza alinionyesha chumba, choo na kamba ya kuanikia nguo, kisha akasimama mbele yangu, mfupi, mikono kiunoni.

"Sikiliza, Mzigua. Humu ndani mtu akikosa, anasema. Ukiniambia umevunja mtungi wangu nitanuna mpaka Alhamisi, halafu yamekwisha. Ukinificha huo mtungi, huna chumba."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Watoto wa mtaa walimjua hivyo hivyo. Asubuhi ya Idi walijipanga uani kwake wakiwa na nguo mpya, na yeye aliketi kwenye kigoda na sinia la kashata mapajani, akiwasaili mmoja mmoja.

"Ulifunga ngapi?"

"Zote, bibi."

"Zote? Na yule niliyemwona nyuma ya duka anakula embe alikuwa ni nani, pacha wako?"

Aliyekiri amefunga siku tatu alipewa vipande vitatu, akabusiwa utosini. Aliyesema zote na ikajulikana ni uongo aliambiwa akae chini ya kamba ya nguo mpaka wenzake wamalize, na mara nyingi hakupata kitu. Wazazi walinung'unika kwamba Idi ni siku ya furaha, mtoto haadhibiwi. Alijibu kwamba furaha ya kudanganya anaweza kuipata mahali pengine popote. Mimi nilikuwa pale, nimekaa kwenye kizingiti cha chumba changu, nikila kashata zangu kwa raha. Nikikumbuka hilo leo naona aibu hadi masikioni.

Hakuuza hata kipande. Wanawake wengine wa Mnyuzi walipika kashata wakazipeleka stendi ya Korogwe kwenye ndoo za plastiki, na walimshangaa mtu mwenye mkono ule kukaa bure. "Mimi napika sikukuu," aliwajibu. "Wanaotaka vya safari wanunue kwenu." Na hakula. Nilimwona akikata sinia zima kwa mshazari, vipande vimelingana, akayakusanya makombo yaliyobaki na kuwarushia kuku. Nilipomuuliza kwa nini haonji alisema alikula za kutosha alipokuwa msichana.

Alikuwa mtu wa swala tano, na Ramadhani yake haikuwa na mchezo. Lakini Desemba ikiingia, akiwa anakaanga karanga, alianza kuvumisha nyimbo za kanisani. Hakutamka maneno, sauti tu, puani, ndefu ndefu. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mama, leo unaimba ya Krismasi." Alinyamaza papo hapo na hakuongea na mtu hadi jioni. Baada ya hapo nilijifunza kumwacha. Nilitoka nje nikakaa ukutani, nikimsikia anavumisha huku karanga zikipasuka kwenye chungu, na nilijua kuwa yule mama ana kwao kwingine.

Kwao kulikuwa Vugiri, kule kule nilikopanda kila wiki. Aliniambia mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, siku chache kabla ya Krismasi, akiwa ameshika kopo la biskuti la bati lenye maua yaliyochubuka. Nitayasema kama alivyoyasema. Alizaliwa Mkristo, akaolewa na kijana wa reli, akasilimu. Baba yake alikasirika, ila mama yake hapana. Mama yake ndiye aliyewafundisha, yeye na dada yake, kuisikiliza sukari, kila Krismasi, kwa sukari guru na karanga. Kisha mama akafariki na hakuna aliyemletea habari. Alisikia kwa muuza nyanya, kaburi lilikuwa limeshajengewa.

"Ningepanda kwenda kufanya nini?" aliniuliza. "Kuwauliza kwa nini hawakuniita? Nilikaa. Na wao wakakaa. Sasa nimebaki mimi na dada yangu tu, na mume wangu hayupo, na nimechoka kununa."

Alilifungua kopo nikaona kashata zimepangwa kwa karatasi, safu juu ya safu.

"Wewe unapanda kila wiki. Mpelekee. Mwambie mdogo wako anakusalimu, basi. Usiongeze la kwako."

Nilimuuliza kwa nini asipige simu, tumtafutie namba. Alinitazama kama niliyetukana. "Mambo ya mama hayasemwi kwenye simu."

Mume aliyemtaja alikuwa ukutani sebuleni, kwenye picha, amevaa kofia ya kazi. Ijumaa alimfuta vumbi kwa ncha ya kanga. Alikuwa na kasoro zote, alisema, alikoroma, alikuwa mbishi, hakujua kufunga mlango wa banda. "Lakini yule hakuwahi kunidanganya. Hata mara moja."

Nilipanda na kopo. Nyumba ya dada mtu ilikuwa ng'ambo ya kilima, mbali na pale tulipopakia mizigo, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Akatoka mama mrefu, amejifunga kitenge kifuani, uso ule ule kasoro ukali. Nikamwamkia, akaitikia. Nikampa kopo, nikasema nilivyotumwa. Hakulifungua. Alipitisha kidole gumba juu ya mfuniko, akauliza, "Mzima?"

"Mzima, mama."

"Bado anapika kwa kusikiliza?"

"Bado."

Akasema, kwa sauti ya chini, mambo ambayo sikuyategemea. Mama yao alipofariki, yeye mwenyewe alishuka hadi Mnyuzi. Alimkuta shemeji yake relini na wenzake, akamwambia kwa mdomo wake kwamba mama ametutoka, tunazika kesho, mlete mkeo. Shemeji akasema sawa. Kesho yake walilichelewesha jeneza hadi jua likawa linazama, wakimngojea. Hakuja. Hakuleta hata salamu.

"Leo ananitumia sukari," akasema. Akanirudishia kopo. "Rudi nalo."

Nikageuka nikaondoka. Nilipofika kwenye njia panda niliangalia nyuma, bado amesimama mlangoni, ananitazama. Nilidhani anahakikisha nimeondoka.

Sasa nilikuwa nimebeba vitu viwili. Kopo, na habari kwamba yule mwanamume wa kwenye picha alipewa msiba mkononi akaufungia moyoni. Labda aliogopa mke mpya akipanda kwao hatashuka tena. Sijui, na hakuna wa kumuuliza. Nilichojua ni kwamba nikimwambia mama mwenye nyumba ukweli, nitamnyang'anya dada na mume kwa siku moja. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli wenyewe ni mdogo zaidi ya huo: nilimwogopa. Nilikipenda chumba changu, nilipenda wali wa Ijumaa, na sikutaka kuwa mimi wa kuleta kilio nyumbani kwake.

Nikaketi juu ya magunia ya kabichi nikalifungua kopo. Nilikula kipande kimoja, kingine nikampa dereva, zilizobaki zikamalizwa na wapakizi. Walizisifu sana. Mmoja alilamba karatasi. Kwa hiyo niliposema baadaye kwamba wamekula na wamesifu, kwa namna fulani sikuwa naongopa, na mimi ni hodari wa kujitafutia namna fulani.

Tatizo likawa kopo lenyewe. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mtu aliyepokea kwa moyo huweka humo chochote, hata maharage ya kiganja. Likirudi tupu, mama mwenye nyumba angejua kabla sijafungua mdomo. Nikachota iliki kutoka kwenye gunia langu, nikalijaza hadi nusu, nikafunga.

Alilipokea kwa mikono miwili. Akalifungua, akanusa, akakaa chini pale pale sakafuni.

"Ameweka iliki," alisema. "Mama alikuwa anaweka iliki."

Akajifunika uso kwa kanga. Nilisimama na mikono yangu mitupu nikiangalia kuku. Akasema, bila kujifunua, "Amesemaje?"

"Anakusalimu sana."

"Amesema nije?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Angepanda, wangeonana, wangegombana, wangelia, na leo nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Lakini akipanda angejua kuwa nimemdanganya.

"Hilo hajasema, Mama. Bado."

"Basi nitangoja aseme," akajibu.

Na akangoja. Kila Desemba alipika, kila Desemba nilipanda na kopo, na sikukanyaga tena ng'ambo ya kile kilima. Nilipakwepa. Kashata ziliishia kwa wapakizi, ambao walifikia hatua ya kuniuliza tangu Novemba mama yangu anapika lini. Nilirudi na iliki na habari za kutunga: dada ana mguu unamsumbua, dada amebadilisha bati, ng'ombe wa dada amezaa. Alizipokea zote, akazirudia kwa majirani. Iliki ile hakuitumia nyumbani. Aliifunga kwenye kitambaa, akaitwanga Desemba iliyofuata na kuitia kwenye kashata za Vugiri. "Namrudishia iliki yake," alisema, amefurahi. Na kila mara alimalizia kwa swali lile lile, na mimi kwa jibu lile lile.

Katikati ya miaka hiyo nikaoa. Mshenga wangu alikuwa mjomba wangu wa Mazingara, na mara ya kwanza tulipokwenda kwa wakwe tulifukuzwa, hatukukaribishwa hata kukaa. Nilirudi nimevunjika moyo. Mjomba alicheka njia nzima. "Ulitaka wakupokee leo? Mtu akikupokea siku ya kwanza hana thamani na kitu chake. Wamekurudisha waone kama utarudi." Tulirudi mara ya pili, tukapewa viti. Mara ya tatu, chai. Nilimsimulia mama mwenye nyumba kisa hicho jikoni kwake, na alicheka hadi akashika mbavu, akasema hata kwao milimani ndivyo, aliyeumizwa lazima akurudishe kwanza. Alilisema hilo huku anapanga kashata kwenye kopo. Nililisikia kwa masikio yangu mawili na halikunigusa popote.

Nikahamia Korogwe mjini na mke wangu, lakini kopo niliendelea kulifuata kila Desemba. Miaka hiyo masikio yake yalianza kumwacha. Kwanza aliacha kumsikia muadhini, akawa anaswali kwa kutazama kivuli cha banda. Kisha akaacha kuisikia sukari. Hilo lilimuuma kuliko la kwanza, na alikiri kwamba ni dhambi lakini ndivyo ilivyo. Alikataa kupima kwa macho au kwa kuonja. Alimweka jirani yake, mama mmoja mtulivu, akae kando ya sahani ya bati amsikilizie. "Imelia?" aliuliza, akimtazama mdomoni. Jirani akitikisa kichwa kukubali, ndipo anaepua. Hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo, ila mimi. Nikiwapo nilikaa mimi. Alisema Mzigua huyu ana masikio mazuri na hana maneno mengi.

Idi ya mwaka jana tulikwenda kumwamkia, mimi na mke wangu. Tulikuwa sebuleni, tumeketi mkekani, sinia la pilau katikati, wakati mwanamke wa makamo alipobisha hodi. Amevaa sketi ndefu na sweta, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye gazeti. Alipiga magoti kumwamkia mwenye nyumba akamwita mama mdogo. Alikuwa mtoto wa dada yake. Alihangaika sana kumpata, alisema, kwa sababu alilijua jina la ubatizo tu, na Mnyuzi nzima hakuna anayelijua.

Mama mwenye nyumba alimshika mashavu. Machozi yalikuwa yameshaanza, na alikuwa anacheka. Yule binti akaanza kueleza, kwa sauti yao ile ya chini. Mwenye nyumba aliinamisha sikio, hakupata kitu, akanigeukia.

"Anasemaje?"

Nilikuwa nimesikia. Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Mke wangu alinitazama, kwa maana yeye alijua kila Desemba nakwenda wapi na kopo, au alidhani anajua.

"Anasemaje, Mzigua?"

Ilibidi nipaze sauti. Kwa mtu asiyesikia huwezi kunong'ona jambo.

"Anasema dada yako amefariki, Mama."

"Nini?"

"Dada yako! Amefariki!"

Alibaki ameshika mashavu ya yule binti. "Lini?" akauliza. Binti akasema, nami nikarudia kwa kelele: mwaka juzi, wakati wa masika. Nilimwona akihesabu kimya kimya. Kisha akanitazama mimi, si kwa ukali. Alionekana kama mtu aliyepotea njia anayemuuliza mwenyeji.

"Mbona Krismasi hii iliyopita ameniletea iliki? Ulisema amenenepa."

Binti alitutazama, mimi na yeye, akauliza iliki gani. Akasema kwao halijafika kopo lolote isipokuwa mara moja, miaka ile, lililetwa na kijana mmoja, na mama alimrudisha. Alimrudisha makusudi, akijua atakuja tena. Kila Krismasi baada ya hapo mama yake aliuliza kama kijana wa kopo amepita. Mwaka wa mwisho alikuwa hawezi kuinuka, akaomba kitanda kisogezwe kwenye dirisha linaloangalia njia panda. Alisema akija safari hii nitapokea, halafu nitamwambia ashuke amlete mdogo wangu.

"Anasemaje?" mama mwenye nyumba akauliza.

Na mimi nikayarudia. Yote, kwa sauti ya kuchuuzia nyanya, neno kwa neno, na kila nilipotaka kupunguza alisema "Sisikii," nikaanza upya. Dirisha nililirudia mara mbili. Binti akaongeza kuhusu msiba wa bibi yao, jinsi mama yake alivyoshuka kumpa habari baba mdogo mwenyewe, pale relini. Hapo nilisita. Lile jambo nililokuwa nimelificha miaka yote kwa kisingizio cha huruma lilikuwa sasa mdomoni mwangu, na lingeweza kubaki humo, kwa maana yeye hakuwa amelisikia.

"Malizia," akasema. Alikuwa anautazama mdomo wangu.

Nikamalizia.

Aliinua macho kwenye picha ya ukutani. Pilau lilikuwa limeshapoa. Halafu akasema, taratibu, "Mume wangu alinificha msiba wa kwanza. Wewe ukanificha wa pili."

Hakunifukuza. Nilitamani anifukuze. Alifungua lile gazeti, ndani mlikuwa na mwiko mweusi wa mama yao, ambao marehemu aliagiza mdogo wake apewe. Akauweka mapajani. Sisi tukaaga, na alimjibu mke wangu peke yake. Ijumaa iliyofuata, niliambiwa, hakuifuta picha, na hajaifuta tena.

Kisha ikaja Desemba. Nilikuwa ghalani Korogwe nikichagua karanga aliponipigia binti wa Vugiri. Mama mdogo anapanda naye Krismasi hii kwenda kuliona kaburi la dada yake na la mama yao, akasema, na anataka kupika kwanza. Yule jirani msikilizaji yupo Tanga, mwanawe kajifungua. Mama mdogo amesema uje na karanga.

"Amesema nije?" niliuliza.

"Amesema uje na karanga," akarudia.

Nilifika asubuhi. Alikuwa jikoni tayari, ameketi kigodani, mwiko wa mama yake mkononi, kopo limefunguliwa pembeni. Nikasema shikamoo, nikaipaza. Akaitikia marahaba bila kugeuka. Nilikaanga karanga, nikazimenya, nikazipepeta. Sukari yote iliyokuwamo ndani aliitia kwenye sufuria. Nilitafuta iliki kwa macho, sikuiona. Hakuvumisha wimbo.

Gari ya kupanda ilikuwa ifike saa nne. Binti alikuwa uani na mkoba wake. Povu likatulia, mama mwenye nyumba akachota tone, maji baridi, sahani.

"Imelia?"

Lilianguka kimya. "Bado, Mama."

Akakoroga. Akachota tena. Safari hii nilisikia, ti, safi kabisa.

"Imelia?"

"Imelia, Mama!"

Sufuria ikabaki motoni. Alinitazama mdomoni, kisha machoni. Akachota tone jingine, akaliangusha, likalia.

"Imelia, Mama. Epua!"

Mkono wake ulikuwa juu ya mwiko, hautikisiki. Nilinyoosha mkono kushika sufuria, akaupiga kwa mwiko, si kwa nguvu. "Wallahi imelia," nilipiga kelele, "Mama, haki ya Mungu imelia, inaungua!" Binti alichungulia mlangoni. Yeye aliendelea kunitazama tu, akitafuta kitu usoni mwangu, na sukari ikawa kahawia, ikawa nyekundu, ukaanza moshi mchungu unaowasha macho. Ndipo akaepua. Akaangalia ndani ya sufuria, ambamo hamkuwa na kitu cha kumpelekea mtu.

"Kumbe ililia kweli," akasema.

Honi ikapigwa barabarani. Sukari nyingine haikuwapo, na hata ingekuwapo muda haukuwapo. Alinawa mikono, akabadilisha kanga, akalisuuza kopo ingawa lilikuwa safi, akalikausha ndani na nje, akalifunga mfuniko na kulikumbatia. Nilimwambia angoje, nitakimbia dukani nikamtafutie hata pipi. Hakunisikia, au alinisikia. Binti alimshika mkono, wakatoka, akapanda gari na kopo lake tupu.

Mimi nilibaki uani na ile sufuria. Niliikwangua kwa mchanga na majivu hadi adhuhuri, nikaifunika kwenye kichanja chake, nikafunga mlango wa jikoni, na ufunguo nikaupeleka kwa jirani.